Kizazi cha Jette

Wengi wa wanawake ninaotaka kuwazungumzia hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila kinapotoka kitabu kuhusu Wajerumani waliohamia Marekani katika karne ya 19, wake hugawiwa sifa za waume zao: majasiri, wapenda uhuru, wafungua njia. Kwamba waume waliupenda uhuru, sikatai. Wake zao walifunga masanduku.

Idadi yao si ya mchezo. Kati ya 1820 na 1900 Wajerumani zaidi ya milioni 5 waliingia Marekani, na katika mwaka mmoja tu wa 1882 walifika takriban 250,000. Sababu zimo katika kila kitabu cha shule: mashamba yaliyogawanywa kwa warithi mpaka yakabaki vipande visivyoweza kulisha familia, wafumaji wa kitani walioangushwa na mashine za Uingereza, viazi vilivyooza mashambani miaka ya 1840, mapinduzi ya 1848 yaliyozimwa, vijana waliokimbia jeshi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nimekula chumvi ya kutosha, na katika orodha hiyo naona jambo moja: karibu yote ni mambo ya mwenye shamba, mwenye karakana, mwenye siasa na mwenye kuitwa jeshini. Mke yumo ndani ya neno "familia", pamoja na godoro na sufuria.

Mjukuu wangu mmoja anaishi St. Louis, mji ambao mitaa yake ilijaa Wajerumani zamani. Ndiye aliyeniletea barua za Jette Bruns, na tangu hapo mama huyu hanitoki akilini. Alizaliwa Westfalen mwaka 1813, akabatizwa Henriette Geisberg, nyumbani wakimwita Jette. Hakutoka katika umaskini. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa heshima, yenye vitabu na watumishi. Wazazi walifariki mapema, naye akiwa binti mkubwa akabaki na wadogo zake mkononi. Mwaka 1832 akaolewa na daktari, Bernhard Bruns. Daktari alikuwa na kazi, mke na nyumba, lakini alikuwa na Missouri kichwani.

Missouri iliwaingia vichwani wengi wakati ule, na chanzo kimojawapo ni kitabu. Gottfried Duden, msomi aliyeishi karibu na mto Missouri katikati ya miaka ya 1820, alichapisha mwaka 1829 taarifa ya safari yake katika majimbo ya magharibi. Alisifu udongo, misitu, hewa, wepesi wa kupata ardhi. Vijana wasomi wa Kijerumani walikisoma kama watu waliokuwa wanasubiri ruhusa. Tatizo ni kwamba Duden alikwenda na fedha zake na akalipa watu wa kumfanyia kazi. Aliona jua likichomoza juu ya mahindi, hakuona anayeyatwanga. Baadaye walowezi waliofuata maneno yake walimtukana kuwa mwongo, na mwaka 1837 mwenyewe alichapisha maandishi ya kujishtaki kwa kile kitabu. Kujishtaki kwake hakukurudisha meli hata moja.

Daktari Bruns alitangulia mwaka 1835 kuangalia ardhi. Mwaka 1836 familia ikapanda meli Bremen, ikashukia Baltimore, ikakata nchi kuelekea magharibi mpaka kwenye kijito cha Maries, mahali ambapo Wajerumani wenzao walikuwa wanaanzisha kijiji walichokiita Westphalia. Jette alikuwa na miaka 22. Barua zake hazifichi kwamba safari ile haikuwa yake. Alikwenda kwa sababu mume anakwenda, na kwa mwanamke wa tabaka lake na dini yake mjadala uliishia hapo.

Ardhi waliyoikuta iliitwa tupu. Wilaya ile mpaka leo inaitwa Osage, kwa jina la watu wake wa asili, nao Waosage walikuwa wamelazimishwa kuiachia serikali ya Marekani kwa mikataba ya 1808 na 1825. Miaka 11 tu kabla ya Jette kufungua sanduku lake. Sisi wa huku tunajua vizuri jinsi nchi inavyogeuzwa tupu kwenye karatasi, kwa hiyo sitapita hapo kimya. Lakini Jette hakuweka saini mkataba wowote. Alikuta kibanda cha magogo, na kibanda kilihitaji kufagiliwa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jette hakupewa hizo mbili. Aliyezoea mkate wa shayiri nyeusi kutoka kwa mwokaji akajifunza kuoka mahindi kwenye majivu. Sabuni ilitengenezwa nyumbani: unakusanya majivu ya kuni wiki nzima, unayapitishia maji polepole mpaka yatoke maji makali ya rangi ya chai, unayachemsha na mafuta ya nguruwe nje ya nyumba kwa sababu ya harufu, unakoroga kwa mti mrefu ili yasikurukie machoni. Yakigoma kushikana, umepoteza mafuta ya miezi. Mishumaa ilitokana na shahamu ya ng'ombe. Nguruwe alichinjwa baridi ilipoanza, na kazi ya kutia chumvi na kukausha nyama ilikuwa ya mama, kama ilivyokuwa ya mama kufuga kuku, kukamua, kushona, kuuguza na kuzaa. Daktari alikuwa safarini juu ya farasi, mara nyingi kwa wagonjwa wasio na cha kumlipa.

Napenda kuziangalia barua zenyewe kama kitu cha kushikwa. Enzi hizo karatasi ilikuwa moja, unaikunja iwe bahasha ya nafsi yake na kuifunga kwa lakiri. Gharama ya posta ilikuwa kubwa, kwa hiyo watu waliandika hata pembezoni. Barua ilichukua miezi miwili, mitatu. Jibu miezi mingine kama hiyo. Mtu anayeandika chini ya masharti hayo hasemi kila kitu. Atamwandikia kaka aliyebaki Westfalen, kama Jette alivyomwandikia kaka yake Heinrich, kuhusu mavuno, bei ya ng'ombe, nani kaoa na nani kafika. Machozi ya leo yatamfikia yakiwa yamekauka, na yeye huko atalia upya kwa jambo ambalo huku limeshapita. Mama yeyote ambaye mtoto wake yuko mbali anaijua hesabu hii, ingawa siku hizi simu imeifupisha. Jette alikuwa mkweli kuliko wengi. Alilalamika wazi kwamba hana mwanamke wa kuongea naye, kwamba amechoka, kwamba hajaizoea nchi. Ndiyo maana ninamwamini anaposema kuna siku njema.

Halafu kulikuwa na homa. Watu wa kwetu hushangaa wakisikia kwamba mabonde ya Mississippi na Missouri yalikuwa na malaria karne ya 19, lakini yalikuwa nayo, tena ya kutosha. Homa na kutetemeka kila baada ya siku moja au mbili, ngozi ya manjano, kwinini chungu mdomoni, na mwaka unaofuata tena. Walowezi waliihesabu kuwa ushuru wa ardhi mpya. Kilichomvunja Jette hakikuwa malaria. Mwaka 1841 kuhara damu kuliingia nyumbani kwake, na katika wiki chache watoto wake watatu walikufa. Watatu, katika nyumba ya daktari. Baba aliyekuwa akiitwa usiku kuokoa watoto wa wengine alisimama palepale, na hakuna dawa ya karne ile iliyoweza kitu.

Nimezika mtoto. Nilipozika, wanawake wa mtaa walitandika mikeka, wakakaa nami matanga mpaka nikaweza kusimama, na mwenye kunilisha alinilisha kwa mkono wake. Jette alikuwa na majirani, kanisa lilikuwapo, ndugu zake wawili walikuwa wamevuka naye. Hakuwa na mama, hakuwa na shangazi, hakuwa na somo wa ujana wake. Na ng'ombe walipaswa kukamuliwa kesho yake asubuhi. Nikisoma barua za kipindi hicho siulizi alipata wapi nguvu, kwa sababu swali hilo huulizwa na watu ambao hawajafiwa. Najiuliza kama daktari aliwahi kumwambia, "Mimi ndiye niliyekuleta huku." Pengine alimwambia. Maneno ya namna hiyo hayaandikwi kwenye barua.

Alizaa wengine baada ya hao, na akalea pia yatima wa ndugu yake. Miaka ya 1850 familia ikahamia Jefferson City, makao makuu ya jimbo, ambako daktari alifanya biashara na siasa, akapanda hadi kuwa meya wa mji wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Missouri lilikuwa jimbo la utumwa lisilotoka katika Muungano, na Wajerumani wake wengi walisimama upande wa Lincoln kwa nguvu. Mtoto wa Jette aliyekuwa jeshini aliuawa mwaka 1863. Mwaka 1864 mume naye akafa. Hapo ndipo mjane, akiwa na miaka 50, alipofunua daftari na kuona madeni.

Nataka nisimame kidogo kwenye madeni hayo, kwa sababu yanaeleza nafasi ya mke kuliko hotuba nyingi. Kwa desturi ya sheria ya zamani ya Kiingereza iliyorithiwa na majimbo ya Marekani, mwanamke akiolewa mali na mikataba vilikuwa chini ya jina la mume. Majimbo yalianza kulegeza polepole kuanzia miaka ya 1840. Hata uraia ulifuata kitanda: sheria ya shirikisho ya 1855 ilimfanya mwanamke mgeni kuwa raia kwa sababu tu mumewe ni raia. Ilipokuja sheria ya ardhi ya 1862, iliyotoa ekari 160 kwa anayekaa na kulima miaka mitano, mwanamke asiye na mume na mjane waliweza kuandika majina yao. Mke wa mtu kwa kawaida hakuweza. Kwa hiyo wanawake wengi wa kizazi kile walikutana na uhuru ule uliosifiwa Marekani siku walipovaa nguo nyeusi.

Jette aliutumia. Nyumba yake ilikuwa mkabala na jengo la bunge la jimbo, akaifanya ya wageni wa kula na kulala. Waliokuja ni wabunge, hasa Wajerumani wa mrengo mkali wa chama cha Republican, waliokuwa wakiandika upya maisha ya Missouri baada ya utumwa. Mwanamke asiye na kura akawa anasikia siasa za jimbo zima akiwa anagawa supu. Alikuwa na maoni na aliyasema. Ninapomfikiria Jette, huyu wa mezani ndiye ninayemwona vizuri zaidi: mama aliyekwishazika wengi, anayejua bei ya nyama, ambaye mheshimiwa mwenye deni la chakula hathubutu kumkatisha maneno.

Si wote walioburutwa. Yuko Mathilde Franziska Anneke, naye mtoto wa Westfalen, aliyezaliwa 1817, ambaye ukimsoma baada ya Jette utadhani wametoka sayari mbili. Aliolewa na mfanyabiashara wa mvinyo, akamwacha, akahangaika miaka mahakamani kupata talaka na mtoto wake. Akaolewa tena na Fritz Anneke, afisa aliyefukuzwa jeshini kwa siasa zake. Mwaka 1848 mume alipokuwa gerezani, Mathilde alichapisha gazeti pale Köln, na mwaka 1849 alipanda farasi katika vita vya wanamapinduzi kusini magharibi mwa Ujerumani, jambo lililowakera hata baadhi ya wanamapinduzi wenyewe. Waliposhindwa, walikimbilia Marekani. Mwaka 1852 alianzisha Milwaukee gazeti la wanawake kwa Kijerumani. Alitaka wanawake ndio wapange herufi, na wapanga herufi wanaume, Wajerumani wenzake waliotoka kupigania uhuru wa binadamu, wakakataa. Akalihamishia gazeti mashariki.

Mwaka uliofuata alisimama kuhutubia mkutano wa haki za wanawake New York. Ukumbi ulikuwa na wahuni waliokuja kuzomea. Aliongea Kijerumani, Ernestine Rose akimtafsiria, na kelele zikawafunika wote wawili. Katika harakati za haki za wanawake kulikuwa pia na ugumu ambao wenyeji hawakuuona upesi: wanawake wengi wa Kimarekani waliopigania kura walipigania vilevile marufuku ya pombe, na kwa Mjerumani Jumapili ilikuwa siku ya familia nzima kukaa bustanini, bendi ikipiga, baba na mama na bia zao, watoto wakikimbia kati ya meza. Ukimwambia mama wa Kijerumani kwamba kura yake itamfungia bustani, atakuomba akafikirie kwanza. Anneke aliishi katikati ya pande hizo mbili na kupigwa na zote.

Hata yeye hakukwepa zamu yake kaburini. Mwaka 1858 ndui iliingia nyumbani kwake ikachukua baadhi ya watoto wake. Chanjo ya ndui ilikuwa imejulikana tangu 1796, lakini haikuwaokoa. Baada ya miaka kadhaa Uswisi, ambako aliandika hadithi za kupinga utumwa, alirudi Milwaukee mwaka 1865, akafungua shule ya wasichana na kuiendesha mpaka alipofariki. Mume alikuwa kwingine muda mrefu. Shule ilikuwa yake.

Margarethe Schurz nitamtaja kwa ufupi, kwa sababu wengi wanamjua mumewe, Carl Schurz, jenerali, seneta, waziri. Alitoka familia tajiri ya Hamburg. Mwaka 1856, akiwa Watertown katika Wisconsin, aliwakusanya nyumbani kwake binti yake mdogo na watoto wengine wa ukoo, akawafundisha kwa michezo na nyimbo kwa njia ya Friedrich Froebel. Ndiyo inayohesabiwa kuwa chekechea ya kwanza Marekani, na masomo yalikuwa kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1876 baada ya kujifungua, akiwa na miaka 42. Mwaka mmoja baadaye mumewe aliapishwa kuwa waziri.

Na wale wasio na vitabu? Hao ndio walio wengi, nami nina upendeleo kwao. Mabinti wa vijijini walipokea tiketi iliyolipiwa na kaka au dada aliyetangulia, wakashuka New York, wakapitia kituo cha Castle Garden kilichopokea wahamiaji kuanzia 1855 hadi 1890, na ndani ya siku chache walikuwa jikoni kwa tajiri fulani. Kazi ya ndani ilikuwa na kitanda, chakula na mshahara. Kijijini kwao wangefanya kazi hiyohiyo pamoja na ya shambani, kwa malipo kidogo, na katika baadhi ya majimbo ya Kijerumani maskini alizuiwa hata kuoa au kuolewa mpaka athibitishe kwamba ana mali. Barua zao zilizohifadhiwa zina jambo ambalo zile za wake wa wasomi hazina: furaha ya kununua kofia. Mtu aliyelelewa kujua kwamba kofia ni ya bibi na kitambaa ni cha mtumishi, siku anapovaa kofia na kutembea barabarani bila kuulizwa, anawaandikia wote nyumbani. Wazee wenzangu wangeiita hiyo anasa ya wasichana. Mimi naona hao ndio waliojipeleka wenyewe na kujua walichofuata, na kama sifa za wafungua njia zinagawiwa, basi waanze wao.

Meli zao nyingi ziling'oa nanga Bremerhaven na Hamburg. Mwanzoni abiria wa chini alibeba chakula chake mwenyewe, na safari ya matanga ikirefuka kutoka wiki 6 hadi 12 alishinda njaa. Bremen ndiyo iliyotangulia, mwaka 1832, kuwalazimisha wenye meli kumlisha. Hamburg hiyohiyo ndiyo iliyompokea Bibi Salme wetu wa Unguja mwaka 1867, akiwa tayari Emily Ruete, mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Yeye alikuwa anaingia kwa mlango ambao maelfu ya wanawake wa Kijerumani walikuwa wanautumia kutoka. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akabaki mjane kijana na watoto watatu katika baridi ambayo hakuzaliwa ndani yake. Sijui kama yeye na mmoja wa wale wenye masanduku waliwahi kutazamana pale bandarini. Wangeelewana kwa mengi, kuanzia mkate.

Kuna uzi mwingine unaotufunga na kina Jette, nao si wa huruma. Kadiri wahamiaji walivyoongezeka, wakubwa wa Ujerumani waliingiwa na uchungu kwamba damu na jasho lao linakwenda kulijenga taifa la wengine. Mwaka 1879 Friedrich Fabri, kiongozi wa misheni ya Rhein pale Barmen, alichapisha kijitabu kilichouliza kama Ujerumani inahitaji makoloni, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba wanaohama wapelekwe kwenye ardhi itakayobaki ya Kijerumani. Katika muongo uliofuata Wajerumani zaidi ya milioni 1.4 wakaenda Marekani, na hoja ikapata moto. Karl Peters na wenzake walianzisha jumuiya yao ya ukoloni mwaka 1884, na Novemba mwaka huohuo alikuwa Unguja akijiandaa kuvuka bara kwenda kukusanya saini za machifu wa Usagara na majirani zao. Tarehe 25 Novemba 1884, Peters akiwa bado yuko njiani na karatasi zake, Mathilde Anneke alifariki Milwaukee.

Walowezi waliotarajiwa hawakuja kwa idadi hiyo. Mwanamke wa Westfalen aliyekuwa na dada yake St. Louis hakuwa na sababu ya kwenda Usambara. Kwa hiyo tulipata askari, wakusanya kodi na wenye mashamba ya mkonge, na kodi ya kichwa, na vita vya Majimaji. Nimewahi kuulizwa na kijana kwa nini nahangaika na huzuni ya wanawake wa Kijerumani ilhali bibi zetu waliteswa na Wajerumani. Nilimjibu kwamba kuondoka kwa hawa ni sehemu ya hesabu iliyowaleta wale, na mwenye kufundisha historia ya Tanganyika akianzia na Peters ameanzia katikati.

Narudi kwa Jette. Mwaka 1856, miaka 20 baada ya kuondoka, alikwenda kwao kutembea. Alikwenda tena uzeeni. Ungedhani mtu aliyelilia nyumbani miaka yote hiyo angeng'ang'ania mlango asitoke tena. Alirudi Missouri mara zote mbili. Waliobaki Westfalen walikuwa wamezeeka bila yeye, na makaburi yake yalikuwa upande wa pili wa bahari, na wajukuu pia. Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake, akaendelea kuandika barua mpaka karibu na mwisho. Alifariki mwaka 1899 Jefferson City, na yule binti wa mwaka 1836 aliyesema hajaizoea nchi alikuwa ameishi humo miaka 63.

Kizazi kile kilishikilia kitu kimoja kuliko ardhi: lugha. Mama ndiye aliyeisimamia, kwa sala, kwa kuimba, kwa kukataa kujibu mtoto aliyemsemesha Kiingereza. Makanisa, shule na magazeti ya Kijerumani yalijaa kuanzia Ohio hadi Texas. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na Mei 1918 gavana wa Iowa, jimbo linalopakana na Missouri kwa kaskazini, akatangaza kwamba lugha ya kigeni isisemwe shuleni, hadharani, kwenye simu wala kanisani. Kwingine majirani walifanya kazi hiyo bila tangazo. Wazee waliacha kusema Kijerumani mbele za watu, halafu mbele za watoto.

Barua za Jette zilibaki Ujerumani kwa ukoo wa Geisberg, zilikotumwa. Adolf Schroeder na Carla Schulz-Geisberg walizihariri, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Missouri kikazichapisha. Ilibidi zitoke kwa Kiingereza, ili watu wa Missouri, wakiwamo wa uzao wake, waweze kuzisoma.